Kwa Guka, Kuhusu Treni Ambayo Haikupita

Guka wangu mpendwa,

Kengele ililia. Hili ndilo jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si Cucu, wala sijalitaja hata ninapoomba peke yangu. Siku ile ulipokuwa umelala na homa, kengele ya stesheni ililia mara tatu, na wewe uliisikia kwa masikio yako mazima. Hukuota. Niliipiga mimi.

Nimeandika hayo nikaweka kalamu chini, nikaenda kuwafungulia kuku wa Cucu, nikarudi. Bado maneno yapo. Basi naendelea.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo iliyokuwa lugha yako ya kazi. "Nyumbani Kiembu, stesheni Kiswahili," ulikuwa ukiniambia, na hata tulipokuwa wawili tu pale stesheni, ukivaa kofia yako ya kazi tu, lugha inabadilika. Ukiivua, tunarudi kwetu. Nilianza barua hii kwa lugha ya nyumbani nikashindwa. Hili ni jambo la kazini.

Nilikuja kukaa nawe nikiwa darasa la tano, Mama alipopata kazi Nairobi. Watoto wengine walikuwa na babu wenye ng'ombe na migomba. Mimi nilikuwa na babu mwenye stesheni. Treni zilikuwa zimeacha kupita kabla sijazaliwa. Wewe ulikuwa umestaafu ustesheni masta, lakini walikuacha ukae katika ile nyumba ya mawe ya wafanyakazi ili uchunge majengo watu wasing'oe mabati. Cucu alibaki huku Embu na shamba lake la kahawa, na wanawake wa kanisani wakimuuliza mzee yuko wapi, anajibu, "Ameoa reli. Mimi ni mke wa pili."

Nakumbuka dirisha la tiketi na kile kifuniko chake cha mbao kilichokuwa kikikwama mvua ikinyesha. Nakumbuka mizani ya magunia, na tangi la maji ambalo zamani lilinywesha injini za mvuke na sasa lilikuwa limejaa viota vya ndege. Kati ya mataruma, zile mbao zinazobeba reli, nyasi zilinifika kiunoni. Kila asubuhi ulifagia jukwaa lote, ukatazama pande mbili za reli, ukaingia ofisini ukafungua kitabu cha treni na kuandika tarehe, kisha: "Hakuna treni." Ukatia sahihi. Nilipokuuliza mbona unajisumbua, ulisema, "Siku ambayo hakuna treni nayo ni siku. Iandikwe."

Jioni tukipika ulinisimulia mambo ya zamani. Embu haikupata reli, Meru nayo haikupata. Kwa hivyo kila kitu cha kwenda kwetu kilishushwa pale kwako, upande wa pili wa mlima, kikamaliza safari kwa lori. Ulinihesabia vitu hivyo kama mtu anayesoma orodha ya darasa: mabati ya kanisa, cherehani, barua, wavulana wa Meru wakirudi kutoka shule za bweni na masanduku ya bati, mwanamke mmoja aliyebishana nawe kwamba kuku wake watano ni mtu mmoja na tiketi ni moja. "Nilimruhusu," ulisema, "lakini nilimwambia wakae kiti kimoja."

Na ulinisimulia la baba yako. Ulikuwa mtoto mdogo, wakati wa hali ya hatari, mkoloni alipokuwa akiwaweka watu kizuizini, uliposimama na mama yako kwenye jukwaa hilohilo mkamwona akipandishwa behewa la mizigo pamoja na wanaume wengine wa kwetu. Hukulia kwa sababu ulidhani ni safari. Miaka mingi baadaye alishuka hapo hapo, amekonda, na wewe ukamwamkia kama mgeni. "Ndiyo maana nikaomba kazi hapa," uliniambia. "Nilitaka niwe mtu anayejua treni inakwenda wapi na inarudi lini." Nilikuwa namenya viazi. Nikaendelea kumenya hadi nikamaliza hata vile vya kesho.

Ulinifundisha kengele. Haikuwa kengele hasa, ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya kwenye baraza, na nati kubwa ya kukipigia. Ikilia mara moja, abiria wakae tayari. Ikilia mara tatu, treni imetoka stesheni ya jirani na inakuja kwetu, iwe ya kupanda kutoka Nairobi au ya kushuka kwenda huko. "Hii ya tatu haichezewi," ulisema. "Mtu anaacha mtoto akilia, anaacha chungu motoni, anakuja."

Ulinifundisha na kitabu. Siku moja uliniachia niandike tarehe, nikakosea namba nane, nikachukua kifutio. Ulinishika mkono.

"Wewe! Unataka kuua watu?"

"Kwa namba nane, Guka?"

"Kwa namba nane. Ukifuta, hakuna atakayejua palikuwa na nini. Kitabu kinakuwa mwongo, na treni mbili zinakutana njia moja. Hapa ukikosea unapiga mstari mmoja tu juu ya kosa, liendelee kusomeka. Halafu unatia jina lako kando. Tujue ni nani."

Nilipokuwa Kidato cha Pili wale vijana wa kutengeneza reli wakaja. Walifyeka nyasi, wakang'oa mataruma yaliyooza na kumwaga kokoto mpya. Wakasema treni inarudi. Sijawahi kukuona vile. Ulipiga koti pasi ya makaa, ukapaka benchi rangi, ukanituma dukani nikuletee kitambaa cha kijani kwa sababu bendera ya zamani panya walikuwa wameila nusu. Wakataja mwezi. Mwezi ukapita. Wakataja mwingine, nao ukapita. Bado daraja, walisema, bado kidogo. Wewe ukaendelea kukaa kwenye lile benchi na koti lako, hata siku za manyunyu, mpaka kifua kikakushika.

Daktari wa zahanati alikupa dawa na akasema ule. Hukula. Siku tatu ulikunywa maji tu na kulala umeutazama ukuta. Siku ya tatu mchana nilikuletea uji, ukasema bila kugeuka, "Urudishe, Wawira. Nimechoka kungoja."

Nilikuwa na miaka kumi na sita, Guka, na katika nyumba ile tulikuwa wawili tu. Nilitoka na kikombe hadi barazani. Sikuwa nimepanga kitu. Niliona tu ile nati imelala pale ilipokuwa ikilala siku zote, na nikafikiri: akiisikia atainua kichwa. Basi. Sikufikiria mbele ya hapo. Nikapiga moja, mbili, tatu.

Halafu sauti yako dirishani, ile sauti ya kofia:

"Ya kupanda au ya kushuka?"

Ningeweza kusema hapo. Nilikuwa na nafasi.

"Ya kupanda, Guka."

"Kwa nini umesimama basi? Chukua bendera. Ya kijani! Simama wima, na usitabasamu kama uko harusini!"

Nikachukua bendera. Nikasimama ukingoni mwa jukwaa, mbele ya reli tupu, nikaiinua. Na lori la kokoto la wale vijana wa reli likapita barabarani nyuma ya nyumba, limejaa, likanguruma na kutikisa kuta hadi vikombe vikagongana rafuni. Mungu anisamehe, nilifurahi lilipopita. Niliporudi ndani ulikuwa umeketi kitandani, miguu chini, machozi yamekujaa.

"Mabehewa mangapi?"

"Matano."

"Matano tu? Wamefilisika hawa."

Tukacheka. Ulikunywa uji wote, ukaomba mwingine. Kisha ukaomba kitabu, na kwa mkono wako mwenyewe ukaandika saa, ukaandika: "Treni ya abiria, kupanda, imepita salama." Nami nilishika taa ya simu ili uone vizuri. Kwa siku mbili nilijiona mtoto mwerevu kuliko daktari.

Siku uliyopata nguvu ilikuwa siku ya soko. Nilikukuta pale nikitoka shule, umesimama katikati ya wauza nyanya na kofia yako, na watu wamekuzunguka.

"Stesheni masta, nikatie tiketi ya kwenda mbinguni!" kinyozi alikuwa akisema.

"Huko hakuna stesheni," mtu wa boda akamjibu. "Utashuka Karatina utembee."

"Mzee, treni ya wapi? Si reli imekatwa pale darajani? Au iliruka?"

"Ilikuwa na abiria ama ilikuwa na malaika?"

Hukukasirika. Ulitoa kitabu ndani ya koti ukawaonyesha. Ulikuwa na uhakika kwamba kikishaandikwa mle, mtu hawezi kucheka. Walicheka zaidi. Mama mmoja wa mboga akawakemea, "Mwacheni, ni homa imepanda kichwani," na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko. Mimi nilisimama nyuma ya meza ya mitumba. Nilikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kugusa mgongo wako.

Kabla ya Jumapili mtu alikuwa amempigia Mjomba Nyaga simu, naye akaja kutoka Meru. Alikaa kwenye kiti chako cha ofisini, mimi mlangoni, wewe kwenye benchi. Hakuwa mkali. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kuwa alikuwa mkali ili nipate kisingizio, lakini hakuwa.

"Baba, treni haijaanza. Nimeuliza watu wa reli wenyewe."

"Ilipita. Wawira ndiye aliyeionyesha bendera. Muulize."

Mjomba akanigeukia. "Wawira, uliona treni?"

Unajua jinsi nilivyo. Nikiulizwa jina langu mbele ya watu watatu naangalia viatu vyangu. Lakini siku ile nilijibu mara moja. Maneno yenyewe yalikuwa haya: "Mimi sikuona kitu, Mjomba."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema.

Nilingoja ukasirike. Nilingoja useme, "Si ni wewe uliyeniambia mabehewa matano?" Ulinitazama. Kisha ukavua kofia, ukaiweka kwenye goti, ukasema kwa Kiembu, polepole, kwamba kama Wawira hakuona, basi haikupita. Labda ilikuwa homa. Uliniamini mimi ukaacha kuamini masikio yako. Ukaomba kalamu. Ukapiga mstari mmoja juu ya yale uliyoandika, na kando ukatia jina lako wewe.

Wiki hiyo hiyo Mjomba alikuchukua ukakae kwake Kinoru, pale Meru, karibu na hospitali, kwa sababu mzee anayeona treni hawezi kuachwa na msichana wa shule. Mimi nikaletwa huku kwa Cucu, nikahamia shule ambayo sikumjua mtu. Nimekaa humo miaka miwili nikimaliza masomo, na nadhani kuna walimu ambao hawajui sauti yangu. Mchana wasichana wengine walikuwa wakiongea mambo ya kwao. Mimi nilikuwa na jambo moja tu, na halikuwa la kuongewa.

Kitabu kiko kwangu. Mjomba alifunga nyumba akachukua funguo, lakini kitabu nilikuwa nimekwisha kukiweka chini ya sanduku langu. Sikujua nakichukua kwa nini.

Mwezi uliopita, mitihani ilipoisha, nilimwambia Cucu naenda kuwaamkia walimu wangu wa shule ya msingi. Nilikwenda stesheni. Guka, treni imerudi kweli. Najua Mjomba alikwisha kukwambia, na najua ulivyomjibu, kwa sababu mkewe alimsimulia Cucu akicheka: uliitikia "sawa, sawa," kama mtu anayemkubalia mtoto, kwa kuwa ulidhani wanakuliwaza. Hawakuliwazi. Nimeiona mwenyewe. Inapita bila kusimama pale kwetu, haipunguzi hata mwendo. Mlango wa ofisi una kufuli jipya. Kengele haipo, wameiiba wauza vyuma, umebaki waya unaozunguka kwenye upepo. Nilisimama kwenye jukwaa peke yangu, na watu madirishani wakanitazama jinsi mtu anavyotazama mti. Hata mmoja hakuinua mkono. Walipokwisha kupita, nilisikia mahindi ya jirani yakichakarisha majani, na nikaona kwamba sijui pa kwenda. Nilikaa kwenye benchi lako hadi jua likawa limeanza kushuka.

Hata hivyo singekuandikia, nadhani, kama si Jumapili iliyopita. Mjomba alipiga simu kama kawaida, akakupa, ukaniuliza kama nimekula, kama matokeo yametoka. Halafu ukashusha sauti. Ukasema, "Wawira, siku hizi hata nikisikia mvua kwenye mabati, kwanza natoka nje nione kama inanyesha kweli." Ukacheka kidogo. Ukasema hutaki Mjomba ajue, atasema ugonjwa umezidi. Kisha ukarudisha simu.

Guka, inanyesha. Ukisikia mvua, inanyesha. Ukisikia adhana kutoka msikiti wa mjini, ni adhana. Masikio yako hayakuwahi kukosea, ila mara moja tu yaliletewa uongo, na hata siku ile yalisikia kilichokuwepo: kipande cha reli, mapigo matatu, na lori. Aliyedanganya ni mimi. Nilitaka ule. Hilo nakwambia si ili unionee huruma, nakwambia ili ujue kwamba haikuwa mzaha.

Jana nilifungua kitabu. Mstari wako bado umenyooka. Chini ya jina lako niliandika, "Kengele ilipigwa bila treni. Wawira," na tarehe ya jana, kwa sababu hairuhusiwi kuandika tarehe ya zamani. Sikufuta chochote. Jina lako bado lipo, Guka, siwezi kulitoa. Lakini sasa halipo peke yake.

Najua ninachokupokonya. Ulikuwa na treni moja, ya mabehewa matano, na pengine katika siri ya moyo wako ulikuwa bado unaamini ilipita. Nimefikiria sana juu ya hilo. Nimeamua ni afadhali ubaki na akili zako.

Jumamosi ijayo Cucu anakuja kukuona, nami nafuatana naye. Baada ya chakula, Mjomba akiwa bado mezani na mkewe na watoto wote, nitasimama niseme. Nimeshafanya mazoezi mbele ya kuku. Mimi ambaye shuleni nilikuwa najua jibu na siinui mkono.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, nalo ni gumu. Usimwambie mtu kabla sijafika. Ukimwambia Mjomba leo, atanipigia simu, atanisamehe kwa simu, nami nitashukuru na kukata, na jambo litakwisha bila mimi kufungua kinywa mbele ya yeyote. Najijua. Vumilia uitwe mgonjwa siku chache zaidi, kwa ajili yangu, ingawa sistahili. Barua nimeikunja ndani ya pakiti ya ugoro ambao Cucu anakutumia kwa basi, kwa kuwa katika nyumba ile hakuna mwingine anayeweza kuugusa bila kupiga chafya. Wakikuona nayo wakikuuliza ni nini, sema ni karatasi tu ya kufungia.

Mjukuu wako,
Wawira